Wakala wa bima anayeng'ang'ania: usimpe sababu, mpe jibu

Mleta mada

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa yeyote anayepigiwa simu na wakala wa bima asiyekubali kuambiwa hapana, au anayefuatwa hadi kazini, au ambaye wakala mwenyewe ni binamu yake na hajui amkatalieje. Niseme mapema kwamba sipingi bima. Mzazi mwenye watoto wadogo wanaotegemea kipato chake peke yake anaihitaji bima ya maisha kuliko anavyodhani. Ninachopinga ni mtu kufungwa kwenye mkataba wa miaka 15 au 20 kwa sababu tu alichoka kubishana.

Kwanza tujue king'ang'anizi anasukumwa na nini. Mawakala wengi hawana mshahara, wanaishi kwa kamisheni. Na kamisheni ya bima ya maisha yenye akiba (ile ambayo sehemu ya ada yako inawekwa kama akiba ya kurudishiwa baadaye) kwa kawaida haigawanywi sawasawa kwa miaka yote ya mkataba. Fungu kubwa hutoka kwenye ada za mwanzoni, hasa mwaka wa kwanza, halafu hushuka sana. Kwa hiyo saini yako inamlipa vizuri, lakini wewe kudumu kwenye mkataba kunamlipa kidogo. Juu yake yuko kiongozi wa timu ambaye naye anakula sehemu ya mauzo ya walio chini yake, na juu ya wote kuna lengo la mwezi. Ndiyo maana simu huzidi tarehe zinapoyoyoma, na ndiyo maana unaambiwa ofa inaisha Ijumaa. Ada ya bima ya maisha hupangwa kwa umri wako, afya yako, uvutaji wa sigara, kazi unayofanya, kiasi cha fidia na muda wa mkataba. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosubiri Ijumaa.

Sasa niseme lile lililonifanya niandike. Wakala hufundishwa kujibu sababu. Kila sababu ya kukataa unayoweza kuifikiria imeshaandaliwa jibu lake darasani. Ukisema huna hela, atakuambia muanze na kiasi kidogo. Ukisema utaongea na mwenzako nyumbani, atasema atakuja jioni muongee wote watatu. Ukisema una bima ya kazini, atakukumbusha kwamba kwa kawaida hiyo huishia pale ajira inapoishia, na hapo hasemi uongo. Ukisema utafikiria, atauliza ni kipi hasa unachotaka kukifikiria ili akusaidie. Kila sababu unayompa unampa kazi ya kufanya, naye ndiyo kazi anayoijua.

Jibu lisilo na sababu halina pa kushikwa. "Asante, sitachukua." Akiuliza kwa nini, unarudia palepale: "Nimeshaamua, sitachukua." Akiuliza mara ya tatu, unaaga na kukata simu. Najua inakera moyo. Mtu mstaarabu huona kukataa bila maelezo ni ukali. Lakini adabu iko kwenye sauti na maneno uliyochagua, haiko kwenye wingi wa maelezo. Unaweza kukataa kwa upole kabisa bila kutoa sababu hata moja. Na usiseme "labda baadaye" kama hutaki. Labda huandikwa kwenye daftari pamoja na tarehe ya kukupigia tena, na siku hiyo atapiga kweli.

Kuna vitu ambavyo hupaswi kumpa hata ukiwa umemkaribisha kwa moyo mweupe. Usimpe namba za marafiki zako. Mwisho wa mazungumzo, hasa ukishamkatalia, ataomba "watu watano tu unaodhani bima itawasaidia", nawe kwa kuona aibu ya kumkatalia utatoa. Hao watano watapigiwa kwa kutajiwa jina lako. Usimpe namba ya akaunti ya benki kabla hujaamua. Na usisaini karatasi yoyote "ya kuonyesha ofisini tu kwamba nilikuja kukuona". Saini ya kuonyesha tu haipo. Fomu ya maombi iliyosainiwa ikiwa tupu inaweza kujazwa chochote baadaye, na aliyesaini ni wewe.

Kama kweli unahitaji bima, basi mgeuze yeye awe wa kujibu. Mwombe akuachie maandishi, siyo kipeperushi chenye picha ya familia inayocheka. Omba jedwali linaloonyesha utarudishiwa kiasi gani ukivunja mkataba mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa tano, wa kumi. Katika mikataba mingi ya bima yenye akiba, miaka ya mwanzo hurudishiwi kitu au unapata kidogo sana kuliko ulicholipa, kwa sababu gharama za kuuza mkataba, kamisheni ikiwemo, zimekatwa mwanzoni. Hata hicho kidogo watu walikipigania. Mwaka 1844 Mmarekani mmoja mwanahisabati, Elizur Wright, akiwa London aliona mikataba ya bima ya wazee walioshindwa kuendelea kulipa ikipigwa mnada. Mnunuzi ndiye angelipwa fidia mzee akifa, kwa hiyo faida yake ingekuja mapema kadiri mzee anavyokufa mapema. Alirudi kwao akapambana miaka mingi, hadi jimbo la Massachusetts mwaka 1861 likapitisha sheria ya kuzuia kampuni kumpokonya kila kitu mtu aliyeshindwa kulipa. Kwa hiyo ukiuliza swali la jedwali usione unasumbua.

Swali jingine: katika tarakimu anazokuonyesha, zipi zimeahidiwa kwenye mkataba na zipi ni makadirio? Mwambie azizungushie kalamu zile zilizoahidiwa. Mara nyingi ile kubwa ya chini kabisa, iliyokutoa macho, haizungushiwi.

Na hakikisha leseni yake kwa mamlaka inayosimamia bima nchini mwako, siyo kwa kadi aliyoivaa shingoni. Karibuni mchangie.

Mpita Njia

Mkuu, hapo kwenye "labda" umenigusa. Lakini kwangu tatizo ni jingine. Wakala ni shemeji yangu. Siwezi kumwambia "nimeshaamua" halafu nikakata simu, Jumapili tunakaa meza moja. Anakuja na fomu kwenye begi. Nifanyeje?

Nilikuwa Wakala

Nimeifanya hiyo kazi, niwape picha ya ndani.

Shemeji hakukuchagua kwa bahati mbaya. Siku za kwanza za mafunzo unaambiwa uandike orodha ya kila mtu unayemfahamu: ndugu, majirani, mliosoma wote, unaosali nao. Hiyo ndiyo mtaji wako. Kampuni inajua wengi wataacha kazi orodha ikiisha, lakini mikataba ya ndugu itabaki kwenye vitabu vyake. Kwa hiyo wakala mpya anayekubana mara nyingi hakufanyii ubaya. Amebanwa yeye, ameahidiwa kipato ambacho hajakiona, na ndugu ndio watu pekee wanaompokea simu.

Jambo ambalo wateja wengi hawalijui: ukiacha kulipa mapema, kampuni nyingi humnyang'anya wakala ile kamisheni aliyokwisha kulipwa. Ndiyo maana ukitaka kujitoa, wakala atakuomba "vumilia miezi michache tu". Hiyo miezi mara nyingi ndiyo inayobaki kabla kamisheni haijawa yake moja kwa moja. Yeye anaokoa pesa yake, wewe unaendelea kutoa yako.

Na nathibitisha alichosema mleta mada kuhusu sababu. Tulikuwa tunakaa wawili wawili, mmoja anacheza mteja anatoa kisingizio, mwingine anajibu. Hakuna aliyewahi kutufundisha cha kumjibu mtu anayesema "sitachukua, asante" halafu ananyamaza. Ukimya ndio uliokuwa unatushinda.

Ila naomba mtu asiwatukane mawakala. Wapo wanaofanya kazi hii kwa uaminifu, na siku ya msiba ndio wanaokimbia na mafaili mpaka familia ilipwe.

Mleta mada

Nilikuwa Wakala, asante sana, umeleta kitu ambacho sisi wa nje hatukioni.

Mpita Njia, kwa ndugu tenganisha mambo mawili: undugu na mkataba. Mwambie ana kwa ana, mapema, kabla hajafungua begi, na siyo mbele ya watu: "Shemeji, mambo ya bima na uwekezaji sifanyi na ndugu, kwa yeyote yule. Sitaki siku likitokea la kutokea lituharibie." Hiyo ni kanuni, haimhusu yeye peke yake na haikosoi bidhaa yake, kwa hiyo hana cha kujibu. Lakini lazima uishike kweli. Ukimkatalia yeye mwezi huu halafu mwezi ujao ukakata bima kwa binamu mwingine, umemtukana.

Kama unataka kumsaidia, msaidie kwa njia nyingine. Mkataba wa miaka 20 ni msaada wa gharama kubwa mno, na sehemu kubwa ya pesa hiyo haimfikii yeye.

Binti wa Mzee

Naomba niongeze la fomu, maana hapa ndipo familia yetu ilipoumia.

Baba alikuwa na shinikizo la damu, anameza dawa, na hakuficha. Wakala alijaza fomu mwenyewe "ili mzee asichoke". Kwenye maswali ya afya akaandika hapana mfululizo, akamwambia baba hayo ni ya kawaida tu, asaini hapa. Baba akasaini. Alipofariki, kampuni ilivuta rekodi za hospitali, ikaona dawa, ikakataa kulipa kwa sababu taarifa za afya hazikuwa za kweli. Wakala alikuwa ameshaacha kazi. Hatukuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba baba alimwambia.

Tafadhali, jazeni wenyewe. Kama mzee wako haoni vizuri, msomee wewe, andika wewe. Na piga picha kila ukurasa kabla fomu haijaondoka nyumbani.

Mleta mada

Pole sana, dada. Watu wasome hii mara mbili.

Msingi wa kampuni kukataa namna hiyo ni wa zamani sana. Mwaka 1766 huko Uingereza, katika kesi ya Carter na Boehm, Jaji Mansfield alieleza kwamba mkataba wa bima unasimama juu ya uaminifu wa hali ya juu, kwa kuwa anayejua habari za hatari ni yule anayeomba bima. Kesi yenyewe ilihusu ngome huko Sumatra, haikuwa ya mgonjwa, na tena aliyeshinda ni yule aliyekata bima, siyo kampuni. Lakini kanuni ikaenea kwenye sheria za bima za nchi nyingi, na kwa karne mbili na zaidi imewageukia watu wa kawaida ambao hawakujua hata kitu gani walipaswa kukitaja. Uingereza yenyewe ililegeza upande wa mtu binafsi kwa sheria ya mwaka 2012. Sasa mteja anatakiwa kujibu kwa uangalifu maswali aliyoulizwa, halazimiki kukisia kampuni ingependa kujua nini. Si kila nchi imefika hapo.

Wakala anayekushauri uandike "hapana" anaharakisha mkataba upite bila vipimo na bila ada kupandishwa. Mauzo yanapita leo, tatizo linakuja siku ambayo wewe haupo kujieleza. Ukisikia sentensi "hilo usiliandike, litachelewesha", kusanya karatasi zako. Usiendelee na huyo mtu, hata kama bima yenyewe ni nzuri.

Jicho la Tatu

Mleta mada, nakuheshimu lakini upande mwingine usikike. Bila kusukumwa watu hawakati bima. Nani aliamka asubuhi akaenda mwenyewe kutafuta bima ya maisha? Mtu hafikirii kifo chake. Wajane wangapi wanakula leo kwa sababu wakala fulani alikuwa king'ang'anizi? Mnavyowafundisha watu kukata simu, mtakuja kuchangishana kwenye misiba.

Mleta mada

Hoja yako ni nzito, siipuuzi. Ni kweli watu huahirisha bima, na ni kweli kukumbushwa kunasaidia. Lakini kumkumbusha mtu na kumchosha ni vitu viwili. Aliyekumbushwa hulipa miaka yote. Aliyechoshwa husaini, hulipa kwa muda, kisha huacha, na kwenye mkataba wa akiba anapoteza alichoweka huku familia ikibaki bila kinga. Mjane wa huyo naye tumhesabu.

Na mauzo ya kusukuma yakiachwa yanajulikana yanafika wapi. Uingereza, bima za kulinda mikopo (za kukulipia mkopo ukiumwa au ukipoteza kazi) ziliuzwa kwa watu waliodhani ni sharti la kupata mkopo, wengine hata wasingeweza kulipwa kwa masharti yake, kwa mfano waliojiajiri. Mabenki yaliishia kurudisha zaidi ya pauni bilioni 38, na siku ya mwisho ya kudai ilikuwa 29 Agosti 2019. Australia, tume ya kifalme iliyochunguza mabenki na bima mwaka 2018 ilisikilizishwa simu iliyorekodiwa, ambamo kijana mwenye ulemavu wa Down, ulemavu wa akili wa kuzaliwa nao, aliuziwa bima kwa simu huku ikisikika wazi kwamba haelewi anachokubali. Baba yake alihangaika kuifuta. Kuanzia 5 Oktoba 2021 nchi hiyo ilipanua marufuku ya kumpigia au kumfuata mtu kumuuzia bidhaa za fedha bila yeye kuomba, na zile bima zinazobandikwa juu ya bidhaa nyingine zikawekewa siku 4 za kusubiri kabla ya kuuzwa. Australia haikufuta bima. Ilimrudishia mteja haki ya kuanza mazungumzo mwenyewe.

Kwa hiyo mimi sisemi watu wasikate bima. Nasema aliyeamua kukata akae chini siku yake, aombe bei kwa kampuni zaidi ya moja, aulize pia bima ya muda maalumu isiyo na akiba, inayolipa tu ukifariki ndani ya muda huo, ambayo ada yake huwa ndogo kwa fidia ileile. Wakala king'ang'anizi huitaja kwa shida hiyo, kwa kuwa ada ikiwa ndogo na kamisheni inakuwa ndogo.

Mgeni Jukwaani

Jamani mimi nimechelewa kuuona uzi. Nilisaini wiki iliyopita baada ya kufuatwa kazini mbele ya bosi. Ada ya kwanza imeshakatwa. Hati ya mkataba nimeletewa juzi. Kuna namna?

Mleta mada

Ipo, na usipoteze hata siku moja. Nchi nyingi zinampa mteja muda wa kutafakari, ambamo anaruhusiwa kurudisha mkataba bila kueleza sababu na kurejeshewa pesa. Uingereza ni siku 30 kwa bima ya maisha na 14 kwa bima nyingine nyingi. India ni siku 30. Fungua hati yako, urefu wa muda umeandikwa humo, mara nyingi kurasa za mwanzo au kwenye barua iliyoambatanishwa. Sehemu nyingi siku zinahesabiwa tangu ulipopokea hati, siyo ulipolipa, kwa hiyo tunza ushahidi wa tarehe uliyoipokea: bahasha, ujumbe wa simu, barua pepe.

Andika kwa kampuni, usiandike kwa wakala. Ukimwambia wakala, atakuja na kiongozi wake, na watakuja wakijua kabisa muda wako unakatika siku ngapi zijazo. Barua ni fupi: jina, namba ya mkataba, tarehe uliyopokea hati, kwamba unaurudisha ndani ya muda wa kutafakari na unaomba ada irejeshwe. Wanaweza kukata gharama ya vipimo vya afya na ada ya zile siku chache ulizokuwa na kinga, hiyo ni kawaida. Usisimamishe makato ya benki kimyakimya ukadhani umejitoa. Kuacha kulipa na kurudisha mkataba ni vitu tofauti mbele ya sheria.

Mpita Njia

Na kama muda huo umeshapita? Mimi wangu niliusaini miaka sita iliyopita.

Nilikuwa Wakala

Wa miaka sita usiuvunje kwa hasira. Omba kampuni ikuandikie mambo mawili: ukivunja leo unapata kiasi gani, na ukisimamisha kulipa bila kuvunja, kinga iliyopungua itabaki kiasi gani. Mikataba mingi ya akiba inaruhusu hilo la pili baada ya miaka kadhaa. Linganisha, halafu uamue.

Na jihadhari na wakala wa kampuni nyingine atakayekuambia uvunje huo uingie kwake. Utaanza upya: umri umeongezeka, maswali ya afya mapya, muda mpya wa kusubiri, na gharama za mwanzo zinakatwa mara ya pili. Sehemu nyingi kumshawishi mteja hivyo kwa kumpotosha ni kosa kisheria, kwa sababu anayefaidika kwa uhakika ni wakala.

Mgeni Jukwaani

Nimeifungua hati. Imeandikwa siku 14 tangu kupokea, nimebakiwa na siku za kutosha. Barua naandika usiku huu. Niitume kwa posta au niende mwenyewe?

Mleta mada

Nenda mwenyewe kama unaweza. Beba nakala mbili, moja waache kwao, ya pili wagonge muhuri wa kupokea wenye tarehe, ondoka nayo. Hati ya mkataba uipige picha zote kabla hujairudisha. Na siku hiyohiyo tuma barua pepe ya maneno yaleyale. Wakikataa kugonga muhuri, andika jina la aliyekupokea na saa, kisha nenda nayo kwa msimamizi wa bima. Utuambie ilivyokuwa.